Maji Mara Tatu

Abelone alizaliwa siku ya tatu baada ya bibi yake kuzikwa, basi akapewa jina la marehemu, na pamoja na jina akapewa pia ndugu wote wa marehemu. Ndivyo ilivyo katika vijiji vya ghuba ile ya Grinlandi: anayebeba jina hubeba na undugu. Kaka yake Zakarias, aliyemzidi miaka kumi, alimwita bibi tangu yuko kwenye nepi. Na mzee Eskild wa nyumba ya kijani, mdogo wa marehemu wa tumbo moja, mwenye miaka sitini na mitatu na goti bovu, alimwita binti huyu wa miaka kumi na tisa dada, tena kwa adabu zote.

"Dada, naomba ruhusa niongeze kahawa," alikuwa akisema, kikombe kikiwa juu.

"Ongeza," Abelone anajibu, uso umemwiva.

"Mnaona? Zamani alikuwa ananinyima. Kufa kumempunguza ukali."

Watu walicheka, na Abelone alicheka nao kidogo, akitazama meza. Eskild alitaka aitwe mdogo wangu, lakini binti hakuweza kulitamka neno hilo mbele ya mtu mwenye mvi. Kumwita babu nako kungekuwa kulikana jina. Kwa hiyo hakumwita chochote. Akimhitaji, alikohoa.

Marehemu alikuwa mlezi wa mbwa. Ghuba nzima ilikuwa ikisema kwamba katika maisha yake hakupoteza mtoto wa mbwa hata mmoja, hata miaka ya njaa. Pengine watu walitia chumvi, maana wafu hawasahihishi sifa zao. Lakini sifa hizo zilikuwa zinamsubiri Abelone tangu tumboni. Alipojifunza kutambaa akaelekea kwenye sanduku la mbwa, watu walisema, ndiye huyo, karudi. Alipokua akawa msichana wa maneno machache, ukimya wake waliudhania ujuzi. Hakuna aliyewahi kumfundisha kitu kuhusu mbwa. Nani amfundishe samaki kuogelea?

Mwaka uliotangulia, ugonjwa wa mbwa ulipita ghubani kama ufagio. Zakarias, aliyekuwa na mbwa kumi na wawili, alibaki na watatu, mmoja wao jike jeusi. Na kule mvuvi asiye na mbwa si mvuvi. Samaki bapa wako mbali, juu ya barafu, mwendo wa siku nzima, na mzigo wa kurudi nao hauvutwi kwa mdomo. Mjini kiwanda cha samaki kilikuwa kinatafuta watu wa kusimama mezani kukata minofu. Zakarias alisema ni heri akatwe yeye. Hakuwa anatania. Wazazi wao hawakuwapo tena, nyumba ilikuwa ya wawili tu, na angeondoka yeye, Abelone naye angeondoka.

Mwishoni mwa Januari lile jike jeusi likazaa sita, wote wazima.

"Hiki ndicho kikosi changu, bibi," Zakarias alisema, amepiga magoti mbele ya sanduku. "Nivumilie miaka miwili tu. Ukinikuzia hawa, mjini sitii mguu."

Mwezi wa Machi, barafu ilipokuwa imara na samaki wengi, ilimbidi aende. Vitoto vilikuwa na majuma saba na maziwa ya mama yao yamekauka, basi mama huyo naye akamfunga mikanda ya kuvuta. Eskild, ambaye goti lilimkataza safari za mbali, alimwazima mbwa watano kati ya tisa wake. Nyuma ya nyumba Zakarias aliacha lundo la vichwa na matumbo ya samaki yaliyoganda kama kuni.

"Siku nane," alisema. "Kibichi tu, usiwapikie. Mtoto wa mbwa aliyelelewa kwa kilichopikwa, miguu yake nayo hupikika." Kisha akacheka, akajipiga paji la uso. "Namfundisha nani! Samahani, bibi."

Akapanda kwenye sleji, kile chombo cha kuburutwa na mbwa juu ya barafu, mbwa wakang'oka, wakawa vidoa, wakapotea.

Abelone alivilea vile vitoto kwa moyo wote. Asubuhi alikuwa anaingiza vichwa viwili nyuma ya jiko viyeyuke, akavipasua kwa shoka, akakata vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Chakula cha yule mdogo kuliko wote alikitafuna kwanza yeye mwenyewe. Mmoja alikuwa na mtindo wa kumng'ata visigino kila akigeuka, akamwita Kisigino. Mwingine alikuwa na duara jeupe shingoni, huyo akawa Kola. Hakumwambia mtu kwamba amewapa majina, kwani mbwa wa kazi hapewi jina kabla hajavaa mikanda. Akiwa peke yake na wale sita alizungumza sana. Aliwasimulia, aliwagombeza, aliwaimbia. Watu wa kijiji wangemsikia wasingeamini.

Siku ya saba upepo ukaanza, ule wa kutoka milimani unaofagia theluji usione mkono wako. Siku ya nane Zakarias hakurudi, wala ya tisa. Kila jioni wanawake walikusanyika dukani kwa Dorthe, kwenye redio, kuzungumza na wanaume walioko barafuni. Redio ile haikuwa na siri. Mmoja akisema, ghuba nzima inasikia, kila hema na kila jiko.

"Bibi!" sauti ya Zakarias ilikwaruza. "Tumekwama, upepo mbaya. Wajukuu zako wa sandukuni wanakula?"

Dorthe alimpa Abelone kipaza sauti. Vichwa viwili vya mwisho vilikuwa vimeliwa mchana huo. Alitaka kusema, niambie nifanye nini. Wanawake saba walikuwa wanamtazama.

"Wanakula," alisema.

"Wanakula nini?"

"Wanakula vizuri."

Sauti ya mtu mwingine kutoka hema lingine ikaingilia: "Zakarias, huyo si wa kuulizwa! Hifadhi maswali yako, umwulize mkeo siku ukimpata!"

Duka zima likacheka. Abelone akarudisha kipaza sauti kama mtu anayerudisha kaa la moto.

"Ukihitaji kitu, mwanangu, useme," Dorthe alimwambia mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita meli. "Chakula cha mbwa cha dukani kimekwisha, mpaka meli ya kwanza ije. Lakini nina samaki wangu wa kula."

"Sihitaji," Abelone alisema. Sababu ya kusema hivyo hakuijua yeye mwenyewe. Neno lilitoka kabla ya fikira.

Kesho yake asubuhi, upepo umetulia kidogo, Eskild alikuja akichechemea, anaburuta kipande kikubwa cha nyama kwa kamba. Ilikuwa nyeupe, yenye majimaji.

"Dada, nimepata papa kwenye ndoana zangu za hapo pwani. Mkubwa kuliko mtumbwi! Alinivunjia ndoana mbili, mshenzi. Nikasema, vile vitoto vya Zakarias vitakuwa vimemaliza akiba." Aliisukuma nyama kwa mguu mzima. "Ya juzi hii, haijakauka hata kidogo. Sina haja ya kukwambia."

"Ndiyo," Abelone alisema.

"Sina haja ya kukwambia," alirudia, akacheka, akaenda zake.

Abelone aliitazama nyama ile. Papa alimjua. Kila kiangazi vipande vya papa vilikuwa vikining'inia kwenye vichanja, vyeusi na vigumu kama ngozi ya kiatu, na mbwa walivila. Hilo aliliona kwa macho yake. Aliwahi kusikia pia habari za kuchemsha na kumwaga maji, lakini alidhani ni za watu, siku walipokula papa kwa shida. Samaki bapa mbwa hula mbichi, na sili vilevile. Kaka yake alisema kibichi tu. Hata hivyo kitu kilimkwaruza moyoni. Kwa nini mzee alirudia mara mbili kwamba hana haja ya kumwambia? Lilikuwepo jambo la kuambiwa.

Akavaa koti, akaenda nyumba ya kijani kuuliza.

Eskild alikuwa ameketi karibu na jiko, anashona mkanda wa mbwa kwa sindano nene.

"Karibu, dada! Umekuja kukagua kama nimefagia? Nimefagia. Tazama hata chini ya kitanda."

Abelone alisimama mlangoni, akakohoa. "Nimekuja... kuhusu ile nyama."

"Haitoshi?"

"Inatosha."

"Basi nimekata vibaya!" Mzee aliweka sindano, uso umemchangamka. "Nakujua mimi. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja ulinipiga kwa upawa kwa ajili ya papa, unakumbuka? Nilipasua nyama yote mavumbini. Ukaniambia, Eskild, wewe kichwa chako ni cha kuwekea kofia tu. Mama akaja kuniokoa, ukataka kumpiga na yeye!" Alicheka mpaka akafuta macho. "Kuna watu siku hizi wanasema jina ni jina tu. Mjini wanasema hivyo. Mimi nikikutazama unavyoshika kisu nasema, acheni mambo yenu. Huyu hapa. Tangu dada yangu arudi, sijawa na wasiwasi na mbwa wa mtu yeyote hapa kijijini."

Abelone alifungua mdomo. Swali lilikuwa fupi, la maneno manne au matano. Lakini angeliuliza, ule uso uliochangamka ungezimika, na mzee angempoteza dada yake mara ya pili. Ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba aliona haya, na haya yake aliivisha nguo ya huruma.

"Naomba chumvi," alisema.

Akapewa chumvi ndani ya karatasi, akarudi nayo nyumbani.

Nyama aliiyeyusha nyuma ya jiko. Ilitoa harufu kali ya mkojo, lakini matumbo ya samaki nayo yananuka, na mbwa hajali. Aliikata vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Wale sita walikuwa hawajala tangu jana mchana, wakapandiana migongoni. Kisigino alikula mpaka tumbo likawa kama ngoma. Yule mdogo alimtafunia kama kawaida. Ulimi wa Abelone ukawaka, akatema, akadhani ni mambo ya papa tu. Aliwatazama wakila, akasikia raha.

Haikupita saa moja. Kola ndiye aliyeanza kuyumba pale nje. Alikwenda upande, akakaa, akainuka, akagonga ukuta. Wa pili akafuata. Dorthe alikuwa anapita na ndoo ya barafu ya kuyeyusha maji ya kunywa, akasimama, akacheka kwa sauti yake ile.

"Abelone! Umewapa divai ya kanisani? Mtazame yule, anatembea kama Eskild siku ya harusi!"

Abelone akatabasamu. Kwa kitambo kidogo alitabasamu, na tabasamu lile baadaye alilichukia kuliko yote. Kisha Kisigino akaanguka ubavu, miguu ikapiga hewani, povu likamtoka, na Dorthe akaiacha ndoo, akakimbia kumwita Eskild.

Walijaribu kuwatapisha, wakawapa maziwa ya unga na mafuta ya sili. Abelone alimweka yule mdogo ndani ya shati lake, kifuani, amtie joto. Kabla jua halijashuka wanne walikuwa wamekufa: Kisigino, Kola, yule mdogo, na dume moja la kijivu. Wawili, waliokuwa wanyonge wa kugombania na hivyo wakala kidogo, walilala wakihema.

Eskild alikuwa amepiga magoti kwenye theluji juu ya lile goti bovu. Alichukua kipande kilichobaki sahanini, akakinusa, akakigeuza.

"Dada," alisema polepole, "maji ulibadilisha mara ngapi?"

Hapo Abelone akaelewa yote: papa asiyekaushwa ana sumu, na sumu hiyo hutolewa kwa kuchemsha na kumwaga maji. Dorthe alikuwa amesimama pale pale. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa, angeingia tu.

"Mara tatu," alisema.

Mzee akakinusa tena kile kipande. Huenda pua yake ilimwambia kitu, na huenda aliikatalia. Akakiweka chini taratibu.

"Mara tatu," alirudia. "Umechemsha, ukamwaga, mara tatu."

"Ndiyo."

"Basi ni mimi." Alijaribu kuinuka, Dorthe akamshika mkono. "Papa yule nilimkata vibaya. Au... kuna sehemu haifai hata ukichemsha? Nilikuwa najua. Dorthe, nilikuwa najua sehemu zote."

"Umri, mzee wangu," Dorthe alisema kwa upole. Upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi.

Zakarias aliporudi, siku mbili baadaye, Eskild alimwahi barafuni, kabla hajafika nyumbani. Abelone aliwaona kutoka dirishani. Mzee alisema maneno machache, kofia mkononi. Zakarias akaanza kupiga kelele, na upepo ulileta vipande hadi kwenye kioo.

"...macho yako yamekwisha! Usilishe mbwa wa watu, ukae ndani unywe kahawa! ...kikosi changu, mzee, kikosi changu chote..."

Eskild alinyoosha kidole kwenye mbwa wake watano waliokuwa bado wamefungwa kwenye sleji, akatenga mmoja, kiongozi mzee wa masikio yaliyochanika, akamfungua, akaondoka naye. Wanne akawaacha. Wanne kwa wanne. Ndiyo desturi ya fidia, na hakuna aliyebishana.

Zakarias aliingia ndani na baridi yake yote, akamkumbatia dada yake.

"Usilie, bibi. Si kosa lako. Hata marehemu asingeweza kuokoa kitu hapo."

Abelone akalia zaidi. Kaka mtu aliona ni uchungu wa wafiwa.

Mbwa wanne wa Eskild walikuwa hodari. Pamoja na wale watatu na wawili waliopona, Zakarias akawa na mbwa tisa ifikapo kiangazi, na habari ya kwenda mjini haikutajwa tena. Eskild alibaki na watano, tena wazee, wasiofika mbali. Alivua hapo hapo pwani. Jioni hakuja tena kunywa kahawa. Nyama aliyokuwa akimgawia kila mtu, akawa hampi mtu. "Mkono wangu una nuksi," alisema alipoulizwa.

Hayo Abelone angeweza kuyabeba, kwa shida. Kilichomshinda ni maneno ya Dorthe, mwezi wa Juni, akipanga makopo rafuni.

"Yule mzee wa watu anaisha. Juzi alinunua sukari, akatoka, akarudi kuniuliza kama amenunua sukari. Nikamwambia, si hiyo mkononi? Akasema, nataka kuhakikisha, Dorthe, siku hizi sijiamini. Jana kaja kuuliza tarehe mara mbili. Na alikuwa na akili kama wembe! Tangu lile jambo la vitoto. Limemwonyesha kwamba amezeeka, na mtu akishaonyeshwa hivyo, ndiyo basi."

Usiku huo wa jua lisilozama Abelone alimwambia kaka yake kila kitu. Zakarias alikuwa anafunga ndoana kwenye mshipi. Vidole vyake vilisimama.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi iwe hivyo." Hakumtazama. "Mbwa wameshaizoea sauti yangu, bibi. Na maneno niliyomwambia... yamesemwa. Ukisema sasa, unamsaidia nani?"

Alirudi kwenye ndoana zake. Tangu saa ile Abelone alijua wako wawili katika uongo, na uongo wa wawili ni mzito kuutua.

Siku nne alizunguka nao. Ya tano akaenda nyumba ya kijani. Eskild alikuwa nje, nyuma, mahali pasipoonekana na majirani. Kulikuwa na moto, na juu yake sufuria kubwa jeusi, na ubaoni vipande vya papa. Kando ya moto alipanga kokoto mstari mmoja. Kiongozi wa masikio yaliyochanika alikuwa amefungwa karibu, anasubiri.

"Aa, dada." Hakufanya utani wa kufagia. "Umenikuta. Najaribu. Nampa huyu, amezeeka kama mimi. Maji mara tano alikula, hakuyumba. Mara nne, hakuyumba. Leo nimefika mara tatu." Aligusa kokoto kwa kidole, moja, mbili, tatu. "Kila sehemu ya papa nimejaribu, isipokuwa mgongo. Nataka kujua nilikosea wapi. Nikijua nilikosea wapi, nitalala."

Abelone hakukohoa.

"Babu," alisema. "Sikuchemsha."

Mzee alimtazama.

"Niliwapa mbichi. Sikujua. Nilikuja kwako kuuliza, nikaomba chumvi."

"Hukuchemsha hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Eskild alilitazama sufuria, akazitazama kokoto. Kitu cha kwanza kilichompitia usoni kilikuwa raha, raha tupu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Basi tatu zinatosha," alinong'ona. "Nilikuwa sahihi. Tatu zinatosha."

Kisha raha ikaondoka, na kilichofuata kikaja polepole.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona haya. Kila mtu anasema najua. Wewe ulisema huna haja ya kuniambia. Mimi ni dada yako, nilifikiri dada yako hawezi kuuliza."

"Dada yangu?" Alisema kwa mshangao wa kweli. "Dada yangu aliuliza kila kitu. Alikuwa anawasumbua watu kwa maswali mpaka wakimwona wanajificha. Maji mara tatu aliuliza kwa mama mmoja wa ng'ambo ya ghuba, alikwenda kwa miguu siku mbili kuuliza hilo tu." Alikaa juu ya kisiki cha mti ulioletwa na bahari. "Ungeniuliza ningekwambia. Ningefurahi. Tangu afe, hakuna mtu aliyeniuliza kitu. Nilikuwa na majibu yote yale, na wewe ukaja mpaka mlangoni, ukaomba chumvi."

Abelone alisema mbwa wangerudishwa. Atamlazimisha Zakarias. Eskild akatikisa kichwa.

"Mbwa si ndoo, uazime, urudishe. Wameshavuta kwa sauti ya mtu mwingine. Lakini usiniambie mimi peke yangu. Dorthe alikuwepo. Wote walisikia kwamba nimeisha. Nenda ukawaambie."

Nyumba zilikuwa ishirini na sita. Alikwenda zote kwa siku mbili, yeye ambaye hakuwahi kumaliza sentensi mbele ya watu watatu. Kila nyumba alipewa kahawa, na kila nyumba aliisema baada ya kikombe, akitazama meza: sikuchemsha, nikadanganya, mzee hakukosea. Mmoja alisema afadhali jina lile lingepewa mtoto mwingine. Dorthe alilia, kisha akamfokea, kisha akampa mkate wa kupeleka. Zakarias hakumsemesha kwa juma zima. Siku ya nane alikwenda nyumba ya kijani na kofia mkononi, akakaa huko kitambo kirefu, na akarudi na mbwa wote wanne bado ni wake.

Watu wakaanza kumpelekea Eskild maswali, mengine ya kumfurahisha tu. Aliyajibu. Lakini jioni hakuja kunywa kahawa, na dukani, akishachukua sukari yake, bado alisimama mlangoni, akaitazama, akarudi kwa Dorthe. Shaka ilikwisha kuingia ndani yake, na ukweli uliokuja baada ya miezi mitatu haukujua njia ya kuitoa.

Mwezi wa Septemba, barafu nyembamba ya kwanza ilipoanza kushika kingo za ghuba, Abelone alikuwa anapita nyuma ya nyumba ya kijani. Mzee alikuwa kwenye sufuria, mvuke umemfunika.

"Njoo," aliita. "Njoo uhesabu na wewe."

Akaenda. Wakamwaga maji ya kwanza, wakajaza. Wakamwaga ya pili, wakajaza, wakangoja yachemke, wakamwaga.

"Ngapi hizo?" Eskild aliuliza.

"Tatu."

"Una hakika?"

"Nina hakika, babu. Tatu."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akazihesabu kokoto kwa kidole, akafika tatu, akarudia tena kuanzia mwanzo. Kisha akachukua ndoo, akajaza ya nne.